Picha imeng'aa, mgonjwa je?

Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Wagonjwa saba wa Parkinson walipandikizwa ndani ya ubongo seli zilizotoka kwa mtu mwingine mwenye afya. Kabla ya hapo, huko maabarani, seli hizo zilikuwa zimerudishwa hadi hali ya uchanga, kisha zikalelewa mpaka zikawa njiani kugeuka seli za kutengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huihitaji kuongoza mwendo. Sita kati ya wagonjwa hao walifuatiliwa kwa miaka miwili kuona kama tiba imewafaa. Picha za PET, zinazopigwa kwa kemikali yenye mionzi, zilionyesha kwamba uwezo wa kutengeneza dopamini katika putameni, eneo la ndani ya ubongo linaloongoza mwendo wa viungo, uliongezeka kwa wastani wa asilimia 44.7. Wanne kati ya sita walionekana kupata nafuu ya mwendo walipopimwa wakiwa hawajameza dawa.

Habari hiyo ilienea haraka, na pamoja nayo zilienea picha za aina tunayoizoea: umbo la ubongo katika giza, na katikati yake madoa mawili ya njano na nyekundu ambayo kabla ya upasuaji yalikuwa hafifu na sasa yamekolea. Nilifurahi kama wengine. Ugonjwa huu unawanyang'anya watu mikono yao, sauti zao na nyuso zao, na kila hatua dhidi yake inastahili shangwe. Lakini kuna swali ambalo picha hizo hazikujibu, na naona si vyema kuliacha lipite: doa likikolea, mgonjwa naye amepona kiasi gani?

Jibu la uaminifu halipatikani Kyoto peke yake. Linapatikana katika miaka zaidi ya 60 ya kazi iliyofanywa kwa sungura, panya, kima na tumbili. Naamini kwa dhati kwamba picha ya dopamini inaaminika pale tu ilipokwisha kulinganishwa na ubongo wenyewe, na ulinganisho huo tumeupata kwa wanyama. Wanyama hao hao ndio waliotuonyesha mahali picha inapoacha kusema kweli. Anayetaka kuitumia kuamua tiba ipi inafaa, au fedha za hospitali ziende wapi, hana budi kuzisikiliza pande zote mbili.

Daktari James Parkinson alipoueleza ugonjwa huu London mwaka 1817 alikuwa na watu sita tu, baadhi yao aliowaona barabarani wakipita. Alieleza kutetemeka kwa mkono uliotulia, mwili kuinama mbele, hatua fupi zinazoishia kukimbia bila kutaka. Kilichokuwa kinatokea ndani ya ubongo hakukijua. Leo tunajua kwamba sehemu ya chini katikati ya ubongo kuna eneo dogo jeusi liitwalo substansia nigra, na seli zake hutuma nyuzi ndefu hadi striatamu, ambamo putameni ni sehemu yake. Ncha za nyuzi hizo humwaga dopamini. Seli zikifa dopamini hupungua, na mtu huanza kupoteza ule mwendo mwepesi ambao mwenye afya haufikirii hata kidogo.

Picha ya kwanza iliyoonyesha upungufu huo haikuhitaji mionzi. Mwaka 1957, Arvid Carlsson na wenzake huko Lund, Uswidi, waliwapa sungura reserpini, dawa inayokausha akiba ya dopamini. Sungura wakalala chini, masikio yameanguka, hawasogei. Walipodungwa dopa, malighafi ambayo ubongo hutengenezea dopamini, waliinuka, masikio yakasimama. Kuna picha ya kawaida ya kamera inayoonyesha sungura hao kabla na baada ya dopa, na mtu asiyejua neno moja la kemia anaielewa. Miaka mitatu baadaye, Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson wakakuta dopamini imepungua mno katika striatamu. Mwaka 1961 Hornykiewicz na Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa, aina ya dopa hiyo, na watu waliokuwa hawawezi kujigeuza kitandani wakainuka. Carlsson alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2000. Levodopa bado ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu, na nitairudia, maana kwetu hapo ndipo penye uzito wote.

Baada ya sungura walikuja panya. Stockholm, mwishoni mwa miaka ya 1960, Urban Ungerstedt alitumia kemikali inayofanana na dopamini kiasi kwamba seli zinaifungulia mlango zenyewe, na ikishaingia inaziua. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, kichwa hufungwa kwenye fremu ya chuma, na sindano nyembamba huteremshwa upande mmoja tu wa ubongo. Baada ya wiki kadhaa panya huyo, ukimtazama akila na kujisafisha manyoya, unaweza kudhani hana tatizo. Mpe amfetamini, umtie kwenye bakuli la mviringo, naye ataanza kuzunguka kuelekea upande ulioharibiwa, mzunguko baada ya mzunguko, mara sita au saba kwa dakika na zaidi, kwa muda mrefu. Mtafiti huhesabu mizunguko. Naitaja hesabu hii kwa sababu ndiyo iliyotufundisha mapema jambo ambalo bado tunalisahau: mnyama anaweza kuwa amepoteza sehemu kubwa ya dopamini ya upande mmoja na asionyeshe kitu mpaka umfanyie jaribio linalomlazimisha kuonyesha. Mwili hufidia na kuficha.

Kisha ukaja mkasa wa California. Mwaka 1982, katika Bonde la Santa Clara, vijana waliokuwa wakijidunga heroini bandia iliyotengenezwa vichochoroni walianza kufika hospitali wakiwa wamekakamaa kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia unga ule wakakuta ndani yake uchafu wa kemikali uitwao MPTP. Ukishaingia kwenye ubongo hubadilishwa na kimeng'enya kuwa sumu, sumu hiyo hunyonywa na seli za dopamini kupitia mlango uleule wa dopamini, na huko ndani huzima uzalishaji wa nguvu wa seli. Taarifa yao ilitoka mwaka 1983. Mwaka huohuo watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walionyesha kwamba MPTP inawaletea kima wa jamii ya makaku hali ileile. Na mwaka huohuo tena, katika Chuo Kikuu cha McMaster mjini Hamilton, Kanada, Stephen Garnett, Günter Firnau na Claude Nahmias walichapisha picha ya kwanza ya dopamini ndani ya ubongo wa binadamu aliye hai.

Sidhani kuna mwaka mwingine katika historia ya ugonjwa huu uliobeba mambo mazito kiasi hicho. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua dopamini ya mnyama au mtu imebaki kiasi gani alilazimika kungoja afe. Sasa kulikuwa na mnyama mwenye dalili zinazofanana na za binadamu, na kulikuwa na njia ya kumchungulia angali anapumua.

Njia yenyewe, PET, ni hii. Dopa hufungwa kwenye atomu ya florini yenye mionzi, hudungwa kwenye mshipa, na seli za dopamini zilizo hai huichukua kama malighafi yao ya kawaida. Florini hiyo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na miale miwili huruka kuelekea pande zinazopingana. Pete ya vihisio inayozunguka kichwa hunasa jozi hizo, kompyuta hupiga hesabu ya zilikotoka, na mahali penye seli nyingi hai hung'aa. Florini ya aina hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 110, kwa hiyo mtambo wa kuitengeneza, saiklotroni, sharti uwe karibu. Zipo pia kemikali zinazoshika mlango wa kurudisha dopamini ndani ya seli, na moja kati yake imeruhusiwa hospitalini Ulaya tangu mwaka 2000 na Marekani tangu 2011. Kwa mtu mwenye afya picha yake huwa na umbo la alama ya mkato kila upande. Kwa mwenye Parkinson mkia wa mkato hufifia kwanza, kwa sababu sehemu ya nyuma ya putameni ndiyo inayoathirika mapema, hadi kinachobaki ni nukta.

Sitaki kudharau ilichotufanyia picha hii. Mwaka 1985 kundi la Donald Calne huko Vancouver liliwapiga picha watu waliowahi kutumia ule unga wenye MPTP lakini hawakuwa na dalili yoyote. Picha zao zilionyesha upungufu, katikati ya watu wenye afya na wagonjwa. Daktari mwenye macho makali kuliko wote asingeliona jambo hilo. Kwa wanyama faida ni kubwa zaidi. Zamani mtafiti aliyetaka kujua hali ya mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita aliua kundi moja la wanyama kila kipindi. Kwa PET mnyama yuleyule hufuatwa kabla ya sumu, baada ya sumu, kabla ya tiba na baada yake, naye huwa kipimo chake mwenyewe. Idadi ya wanyama wanaokufa hupungua. Kwangu hilo si jambo dogo.

Na hapa niseme ninavyoona kuhusu wanyama hawa. Wengi wao ni makaku wa Asia, lakini tumbili wa Afrika wamebeba sehemu kubwa pia. Kisiwa cha St. Kitts katika Karibiani kina tumbili waliopelekwa kutoka Afrika Magharibi enzi za biashara ya utumwa, na wazao wao wametumika miaka mingi katika utafiti wa Parkinson. Afrika Mashariki nasi tuliwahi kusafirisha tumbili kwenda maabara za Ulaya.  Mwaka 1990 Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walionyesha kwamba ukiharibu eneo dogo liitwalo kiini cha chini ya thalamasi, mnyama aliyelemazwa na MPTP anaanza tena kutembea. Kutokana na ugunduzi huo, pamoja na kazi ya Alim Louis Benabid huko Grenoble, wagonjwa wengi duniani leo wana nyaya za umeme ndani ya ubongo zinazowaruhusu kushika kikombe bila kumwaga. Mateso ya wanyama wale yalikuwa ya kweli: kima aliyelemazwa na MPTP huhitaji kulishwa kwa mkono. Nakubali utafiti huo uliofanywa, kwa sharti kwamba kilichopatikana kisomwe chote, hata kile kisichopendeza.

Kisichopendeza ni kipi?

Kwanza ni mambo ya maabara ambayo msomaji wa kawaida haelezwi. Ubongo wa panya mdogo wa maabara una uzito wa chini ya nusu gramu, na striatamu yake ni milimita chache tu. Hata mashine za PET zilizotengenezwa maalumu kwa wanyama wadogo huona kwa usahihi wa takriban milimita moja au mbili. Sehemu moja hung'arisha jirani yake, na tofauti ndogo hupotea. Kisha mnyama hatulii kwenye mashine kwa hiari, hulazwa kwa dawa ya usingizi, na dawa hizo zenyewe hubadilisha mwenendo wa dopamini. Wajapani wa Hamamatsu walichukua shida ya kuwafundisha kima kukaa kwenye mashine wakiwa macho ili kuepuka tatizo hilo. Maabara nyingi hazina subira hiyo.

Pili, seli zinazokufa hazifi kimya. Zilizobaki huongeza kasi ya kugeuza dopa kuwa dopamini, kwa hiyo picha ya dopa yenye florini huonyesha hali nzuri kuliko ilivyo. Wakati huohuo hupunguza milango ya kurudisha dopamini ndani, ili ile kidogo iliyopo ikae nje ikifanya kazi, kwa hiyo picha ya milango huonyesha hali mbaya kuliko ilivyo. Mgonjwa mmoja, ubongo mmoja, siku moja, na kemikali mbili zinatoa majibu mawili. Yote mawili ni ya kweli kwa namna yake, na hakuna hata moja linalohesabu seli.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika uwanja huu ilifanywa na kundi la Joel Perlmutter katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Waliwapa kima MPTP kupitia mshipa wa shingo wa upande mmoja, kwa viwango tofauti, wakawapiga picha kwa kemikali tatu mbalimbali, wakapima mwendo wao, kisha mwishowe wakahesabu kwa hadubini seli zilizobaki katika substansia nigra. Matokeo yalitoka kati ya 2012 na 2013. Picha ya striatamu ilikwenda sambamba na idadi ya seli mpaka pale nusu ya seli zilipokuwa zimekufa. Baada ya hapo picha ilikuwa imefika chini kabisa na haikushuka tena, ilhali seli ziliendelea kufa na dalili za mnyama ziliendelea kuwa mbaya. Ni kama mtu anayekadiria minazi ya shamba kwa kuhesabu nazi zinazofika sokoni: nusu ya minazi ikishakauka hakuna nazi inayofika, naye hawezi kujua kama minazi iliyobaki ni mia au kumi. Kilichoendelea kwenda sambamba na idadi ya seli katika vipimo vyao vyote ni ukali wa dalili, yaani kile anachokiona mtu anayemtazama mnyama akitembea. Picha za eneo la chini, zilipo seli zenyewe, zilifanya vizuri kuliko zile za striatamu.

Mgonjwa anayefika kliniki na mkono unaotetemeka kwa kawaida anakadiriwa kuwa ameshapoteza karibu nusu ya seli hizo au zaidi. Maana yake ni kwamba picha inayotumika sana, ile ya striatamu, huacha kupima idadi ya seli palepale ugonjwa unapoanza kumtesa mtu. Bado inafaa kutenganisha Parkinson na aina nyingine ya kutetemeka isiyohusu dopamini, na ni kwa kazi hiyo iliruhusiwa. Kufuatilia kama dawa mpya inaokoa seli ni jambo lingine kabisa.

Gharama ya kusahau tofauti hiyo tumeshailipa. Kuna protini iitwayo GDNF inayolisha seli za dopamini. Mwaka 1996 iliwainua kima waliopewa MPTP. Mwaka 2003, Bristol, Uingereza, wagonjwa watano waliingiziwa GDNF moja kwa moja kwenye putameni, wakapata nafuu, na picha zao zikakolea. Matumaini yalikuwa makubwa. Ndipo likafanyika jaribio la wagonjwa 34, nusu wakipewa kimiminika kisicho na dawa, wala wao wala madaktari wao wasijue nani amepewa nini. Picha za waliopewa GDNF zilikolea tena. Mwendo wao haukuwa bora kuliko wa wenzao. Bristol wakarudia kwa wagonjwa 41, na mwaka 2019 wakatangaza matokeo: picha imekolea putameni nzima, dalili hazikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Kuna watu waliotobolewa fuvu kwa ajili ya kazi ile. Nikisoma habari za tiba mpya yenye picha nzuri nawafikiria wao kwanza. Jaribio la Kyoto halikuwa na kundi la kulinganisha, na watafiti wenyewe walilipanga kupima usalama kwanza. Kwa hiyo ile asilimia 44.7 inatuambia kwamba seli zilizopandikizwa ziko hai na zinafanya kazi. Hilo ni kubwa. Zaidi ya hapo tungoje jaribio kubwa lenye ulinganisho.

Kosa la upande wa pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilimgusa kila mgonjwa. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 361 huko Amerika Kaskazini waliopewa levodopa au dawa bandia kwa wiki 40. Waliopewa levodopa walikuwa na hali nzuri zaidi, hata baada ya kusimamishiwa dawa kwa wiki mbili. Lakini picha za milango ya dopamini zilionyesha kwamba milango yao imepungua haraka kuliko ya wenzao. Kilichoonekana kwa mgonjwa na kilichoonekana kwenye picha vilipingana waziwazi, na kwa miaka wapo waliochagua kuamini picha. Hofu kwamba levodopa inaua seli ilipata nguvu mpya, na wagonjwa waliendelea kuambiwa wasubiri, wavumilie, dawa itunzwe kwa ajili ya siku mbaya.

Afrika ndiyo iliyosaidia kuuvunja uoga huo. Madaktari wa Ghana na Italia walilinganisha wagonjwa wa nchi hizo mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Wa Ghana walikuwa wameanza levodopa wakiwa wamechelewa kwa wastani wa miaka minne na ushei tangu ugonjwa uanze, si kwa kupenda bali kwa kuikosa. Wa Italia walianza mapema zaidi. Kama levodopa ndiyo chanzo cha yale mapigo ya mwili yasiyotakiwa yanayokuja baadaye, wa Ghana wangekuwa wamejiokolea miaka kadhaa. Haikuwa hivyo. Matatizo yalitokea kufuatana na umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, bila kujali dawa ilianza lini. Kuchelewa kulikuwa mateso ya bure. Mwaka 2019 jaribio la Uholanzi lililoilinganisha levodopa iliyoanzwa mapema na iliyocheleweshwa nalo halikukuta kwamba dawa hiyo inaudhuru ubongo.

Sasa nije nyumbani. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania na Uingereza waliendesha utafiti wa nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu wapatao 161,000, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Hawakuwa na PET. Walikuwa na dodoso la maswali machache, wahojaji wa hapohapo, na daktari aliyekuja baadaye kumpima kila aliyetiliwa shaka. Walipata watu 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao wakiitwa wazee, au wamerogwa, au wamepooza. Picha gani ya dopamini ingewafaa watu hao kuliko mtu mmoja anayejua cha kuangalia?

Na cha kuangalia kinafundishika. Mwambie mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka, kwa upana, bila kuacha. Mwenye Parkinson huanza vizuri. Kwenye mgongano wa tano au wa sita nafasi kati ya vidole huanza kufinyika, kasi inalegea, pengine vidole vinanasa kwa nukta moja kisha vinaendelea, vidogo zaidi. Shika kifundo cha mkono wake ukizungushe taratibu: utasikia mkono unakubali kwa mikatokato. Mwambie aandike jina lake mara kadhaa, na herufi zinapungua kila mstari. Mwombe atembee hadi mlangoni na kurudi, utazame kama mkono mmoja haupepei. Kisha mwanzishie levodopa na umwone tena baada ya wiki kadhaa. Akipata nafuu ya wazi na yenye kudumu, umepata moja ya vithibitisho bora vya ugonjwa huu, na umeshaanza kumtibu wakati huohuo. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kujifunza haya.

Dawa yenyewe ndiyo inayokosekana. Levodopa iliyochanganywa na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini nje ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki mgonjwa anaweza kuzunguka maduka ya dawa asiipate, na akiipata aambiwe bei inayomlazimu kuchagua kati ya vidonge na ada ya mtoto. Wengine wamesikia kwamba upupu una levodopa. Ni kweli, mbegu zake zinayo kwa wingi na utafiti wa hospitali umefanywa Amerika ya Kusini na kwingineko, lakini kiasi chake hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu na kichefuchefu na kushuka kwa shinikizo la damu vinaweza kumwangusha mzee. Nawaomba wasomaji msiujaribu bila daktari. Kwamba watu wanafikia kuufikiria kunaonyesha pengo lilivyo.

Najua mashine zinakuja. Nairobi tayari kuna PET na saiklotroni, kwa ajili ya saratani zaidi, na hilo ni jambo jema kwa wagonjwa wa saratani. Punde atatokea mtu wa kushauri kwamba mashine hizo zitumike pia kupiga picha za dopamini, na kwa wachache ambao daktari bingwa amewapima na bado ana shaka, itafaa. Sipingi. Vyuo vyetu vishiriki pia katika majaribio ya kimataifa, maana picha nyingi za dopamini tunazozitegemea ni za Wazungu na Wajapani, na Parkinson ya Mwafrika haijasomwa vya kutosha.

Ila kabla hospitali yoyote ya umma haijatenga fedha kwa ajili hiyo, bodi yake iombe leja ya stoo ya dawa ya mwaka uliopita na isome mstari mmoja tu: levodopa ilikosekana siku ngapi. Kisha iulize ni wauguzi na matabibu wangapi wa wilaya zinazoizunguka wamewahi kufundishwa kile kipimo cha vidole viwili. Majibu hayo yawekwe mezani kwanza, ndipo mazungumzo ya mashine yaanze.